Xiegu G90 hapa Moshi: kitufe kimoja tu kimeniteka

Haya wadau, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo! Tupo Pasua, chumbani kwangu. Hiyo krrrr mnayoisikia si ubovu wa redio, jirani anachomelea geti. Tutavumiliana.

Hii ndiyo Xiegu G90, redio ya kutuma na kupokea ya sisi wapenzi wa redio. Wati 20, kioo kidogo mpaka unakodoa macho, hayo mmeshayasikia kwingine. Mimi nataka kitufe hiki hapa, TUNE, kinachoamsha tyuna, kifaa cha ndani cha kulinganisha redio na antena.

Antena yangu ni aibu tupu. Waya wa umeme wa nyumba, mita 5 huku mita 5 kule, ncha moja kwenye mparachichi, nyingine kwenye bomba la antena ya TV ya zamani. Kwa megahezi 14 urefu huo unakaa sawa. Sasa nafanya ujinga kusudi, nahamia 21. Oneni SWR, kipimo cha jinsi antena inavyokubaliana na redio, 1 ndiyo safi kabisa: imepita 3! Hapo redio nyingine inajipunguzia nguvu yenyewe. Nabonyeza... nyamazeni... tkrrr, tkr-tkr-tkrrr. Mmesikia? Ni swichi ndogondogo ndani zinachagua koili na kapasita. 1.3! Ngoja nirudie. Tkrrr. Mama watoto anasema nimerogwa na kitufe.

Wenye Icom IC-7300 msininunie. Wati 100 mnazo, ila tyuna yenu ya ndani inaishia SWR ya 3, na bei yake naona bodaboda. Hii ni kama dola 450 kabla ya usafiri na ushuru. Naiendesha kwa betri ya N70, ile ya sola.

Ila nisiwadanganye, tyuna haiponyi antena. Inaituliza redio tu, nguvu nyingine inapotelea kwenye kebo. Wiki ijayo natengeneza waya wa pili, na video sasa zinatoka Jumamosi jioni, bonyezeni kengele.

Kuna aliyeuliza kama Mlima Kilimanjaro haunizuii. Unanizuia kidogo! Kilele cha Kibo kiko kaskazini, Ulaya nayo kaskazini. Mawimbi yanayotoka chinichini kabisa yanagonga mwamba, yanayopanda juu yanapita, yanadunda angani, yanashukia kwa wenyewe.

Na jamani, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza, ndipo upate ishara yako ya kuitia inayoanza na 5H. Bila hiyo usiguse kipaza sauti.

Eh, jirani kazima mashine? Sikilizeni... “CQ, CQ...” yaani anaita yeyote anayemsikia. Mwitaliano huyo! Subirini kwanza, nimjibu.