Mchanga wa Fiji Pink kwenye tangi la maji chumvi: sasa nakaa na sentimita nne, saba sirudii

Jamani wenye matangi ya maji chumvi nyumbani, leo nataka kuongelea mchanga, na hasa kina chake, manake hapa ndo wengi tunaumia na hakuna anayekwambia mpaka samaki wafe.

Mimi niko Mombasa, tangi langu ni sentimita 120 kwa 45. Mara ya kwanza niliweka mchanga wa sentimita saba. Muuzaji (duka silitaji) aliniambia mchanga mwingi ndo filta yenyewe, nikaamini, tena nikaona umependeza. Miezi minane hivi hamna shida. Halafu nikaanza kuona mstari mweusi pale mchanga unapogusana na kioo, kama masizi ya sufuria, nikaupuuza. Siku moja nikasogeza jiwe kubwa la katikati, mchanga ukafumuka, ikatoka harufu ya yai viza mpaka mke wangu akaja kutoka jikoni kuuliza nini kimeoza. Kulipokucha samaki wawili wanaelea, wamekufa. Mmoja nilikuwa nae tangu siku ya kwanza, iliniuma sana.

Ile ni haidrojeni salfaidi, sumu. Inakuja hivi: mabaki ya chakula na kinyesi yanazama mchangani, chini kule oksijeni imeisha, yanaozea humo humo. Na sentimita saba ni pabaya pande zote mbili, yani ni nyingi mno kuisafisha kwa sifoni (mrija wa kunyonya uchafu) mpaka chini, na ni chache mno kufanya ile kazi ya mchanga mrefu, yani wa kina kirefu.

Maana mchanga mrefu una kazi yake kweli, sio uongo. Ukifika sentimita 10 mpaka 15, na punje ziwe laini, kule chini wanakaa bakteria wasiotumia hewa, wanaichukua naitreti, ile taka inayobaki majini kutokana na kinyesi na chakula, wanaigeuza gesi ya naitrojeni, unaona vipovu vidogo vidogo vimekwama kwenye kioo. Marekani miaka ya 1990 Dkt Ron Shimek, mwanabiolojia wa bahari, aliupigia debe sana mtindo huu. Lakini unataka wadudu wake, minyoo na konokono wa kuupekua bila kuuvuruga, unataka subira, na ukishauweka usiuchimbe tena. Halafu piga hesabu ya uzito: lita moja ya mchanga huu ni karibu kilo moja na nusu, kwa hiyo tangi kama langu kwa sentimita 12 ni karibu kilo 100! Meza yako iko tayari?

Basi nikaanza upya. Nikatoa mchanga wote wa zamani, nikanunua Fiji Pink ya kampuni ya CaribSea, ule wa aragonaiti (aina ya chokaa) unaokuja umeloa mfukoni, mifuko minne ya ratili 20, yani kilo 9 na kidogo kila mmoja. Nikapata sentimita nne na kitu. Kwa kweli nimeupenda. Punje ni kati ya nusu milimita na moja na nusu, sio unga ambao pampu inaupeperusha mpaka kioo cha chini kinabaki wazi, na sio kokoto ambazo chakula kinazama katikati yake kisha hakitoki. Rangi yake ina uwaridi kidogo sana, usiku ukiwasha taa ya bluu inatulia macho. Huu wa kuloa hauoshwi, unamwaga ulivyo, ila mchanga mkavu lazima uoshe mpaka maji yatoke safi.

Mawe yaweke kwanza juu ya kioo ndo umwage mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki anayechimba atachimba chini yake na jiwe litaanguka.

Sasa kina kipi kikufae, mimi nakwambia angalia nani atakaa humo. Mimi nina gobi, samaki mdogo anayeishi shimo moja na kamba, na huyo kamba wake, yule kamba anasukuma mchanga nje siku nzima kama tingatinga, anachimba shimo, na gobi amesimama mlangoni anamlinda, kamba haachi kumgusa kwa ndevu zake kwa sababu yeye haoni vizuri. Sentimita nne zinawatosha kabisa nikichanganya na vipande vya matumbawe vya kujengea kuta. Ukitaka wale samaki wa Halichoeres wanaojizika mchangani usiku, usishuke chini ya tano. Kama huna mchimbaji yeyote, mbili tatu zinatosha, na kila wiki ukibadilisha maji pitisha sifoni robo ya eneo, wiki ijayo robo nyingine.

Kuna wanaouliza kwa nini ninunue na Diani mchanga mweupe umejaa. Ule wa Diani kweli ni wa matumbawe, dondoshea siki utaona unatoa povu, wa Malindi una udongo mwingi wa mto Sabaki. Lakini mchanga wa ufukweni sio wa kujichotea, na ndani ya hifadhi kama Watamu, Kisite au hii yetu ya Mombasa ni marufuku kuchukua chochote.

Jambo moja tu la kuzingatia, pima kwa rula pembe zote nne baada ya wiki mbili. Mimi upande wa pampu ulibaki sentimita mbili na pembe ya nyuma ikafika sita, nikaigeuza pampu itazame juu kidogo, sasa umelala sawa.