Malkia mwenye waridi kwenye kanvasi: hariri safi, uso wameuharibu

Naanza na kizuri maana kipo. Hii ni kopi ya ile picha ya Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, akiwa ameshika waridi, kazi ya mchoraji Mfaransa Élisabeth Vigée Le Brun ya mwaka 1783, na kwenye nguo hawa wachapaji wamejitahidi kweli, ile hariri ya buluu inayoelekea kijivu inang'aa palepale inapokunjika, lesi za mikononi unaziona matundu yake, lulu za shingoni ziko wazi. Kanvasi nene, mbao za nyuma zimenyooka, kifurushi kimefika hakijabonyea. Hapo sina neno.

Shida ni uso. Na jamani huyu mama mchoraji sifa yake kubwa ni kuchora ngozi! Alikuwa anapaka rangi ya mafuta tabaka jembamba juu ya jingine mpaka unaona kama mwanga unatokea ndani ya shavu, mwaka 1781 alisafiri Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, akaziona kazi za mchoraji Rubens na ukitazama picha zake za baada ya hapo unajua kabisa kuna kitu alikiokota kule. Sasa hawa wamepandisha wekundu na unjano, mashavu yamekuwa ya chungwa, vile vivuli laini vya chini ya kidevu vimefutika, halafu juu yake wamemwaga vanishi ya kung'aa kwa hiyo usiku ukiwasha taa unaiona taa, malkia humwoni.

Pembeni nako wamekula. Kanvasi imekunjwa kuzunguka mbao na hawakuacha nafasi ya kukunjia, basi manyoya ya kichwani yamebanwa juu na ile bustani ya nyuma imebaki kidogo tu.

Ila kilichoniudhi zaidi ni maelezo ya duka, eti hii ndiyo picha iliyozua kashfa Paris. Sio hii! Mwaka huohuo wa 1783 Vigée Le Brun alikuwa ndo kwanza kaingizwa Akademia ya Kifalme, chama rasmi cha wachoraji na wachongaji, tena kwa mbinde, mume wake alikuwa mfanyabiashara wa picha na kanuni za akademia hazikutaka mambo ya biashara, ikabidi malkia amsemee na mfalme Louis XVI aingilie kati. Kwenye maonyesho ya Louvre akapeleka picha ya malkia kavaa gauni jeupe la melimeli na kofia ya majani makavu, hakuna vito, hakuna chochote cha kifalme. Watu wakawaka, wengine wakasema malkia kachorwa na nguo ya ndani, wengine wakalalamika hariri ya Lyon, mji wa Ufaransa unaoifuma, inadharauliwa. Ikaondolewa, na hii ya hariri ndiyo ikaletwa badala yake. Mkao karibu uleule, waridi mkononi vilevile, uso uleule, kilichobadilika hasa ni mavazi. Yaani hiyo hariri unayoining'iniza ukutani ni jibu la mchoraji kwa waliomsema, na jibu lenyewe kalichora vizuri kiasi kile, sasa unamuuziaje mtu picha hii bila kumwambia hilo?

Nawapa nyota tatu kati ya tano, zote za nguo. Kama unataka tu kitu cha kupendezesha ukuta, chukua. Kama unampenda Vigée Le Brun mwenyewe usichukue hii mpaka warekebishe rangi. Afadhali uingie tovuti ya Metropolitan Museum ya New York, wanayo picha aliyomchora mwanamke wa kikabaila, Comtesse de la Châtre, ya mwaka 1789, naye kavaa nyeupe na kofia ya majani makavu, faili lake kubwa unalipakua bure, unalipeleka kwa mchapaji unayemwamini, unamwambia asiongeze rangi yoyote, aweke vanishi isiyong'aa na aache ukingo wa kukunjia.