Ziara ya maeneo ya filamu Wellington: nilikatizwa mbele ya mfumi

Zimepita wiki kadhaa na hasira haijaniisha, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Hii ni ziara ya siku nzima huko Wellington, Nyuzilandi: asubuhi unapelekwa kulikopigwa picha za The Lord of the Rings, mchana kwa mafundi wa mavazi. Mimi nashona nguo. Filamu ya tatu ilizoa tuzo 11 za Oscar, moja ikiwa ya mavazi, nami nililipa ili niione kazi ya namna ile ikitoka mikononi mwa watu. Mandhari ningeyafuata mwenyewe. Mlima Victoria uko jirani na katikati ya jiji, na ile njia ya msituni ambapo Frodo, shujaa wa filamu, na wenzake wanamkwepa mpanda farasi mweusi haina geti wala tiketi. Kaitoke, palipokuwa Rivendell, lile bonde la kwenye filamu, ni hifadhi ya umma. Kilichobaki cha kumlipia mtu ni kuingizwa kwa fundi, basi.

Asubuhi sina neno, na ni haki niseme. Kiongozi alijua kazi yake. Alitusimamisha pale pale kamera ilipokuwa, akatueleza kuhusu deraya: mabomba ya plastiki yalikatwa vipete vidogo vidogo, vikaunganishwa kimoja kimoja kwa mkono. Hapo ningempa nyota zote tano.

Halafu akatuacha tukizubaa kwenye duka la zawadi mpaka watu wakaanza kukaa chini. Hakuna aliyeomba kukaa kule muda wote huo! Na muda ule, kumbe, ulikuwa unakatwa kwenye wa mafundi.

Mfumi alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alinipa kipande cha kitambaa cha sufu ya kondoo wa kijivu, rangi yake ya kuzaliwa, akaniambia nikisogeze dirishani. Kikabadilika: kivulini kijivu, kwenye mwanga fedha kabisa. Kisha akakuta uzi wa mtande, ule wa kwenda urefu wa kitambaa, umekatika, akaniita karibu anionyeshe jinsi ya kuuunga fundo lisije likaonekana upande wa juu. Vidole vyake vilikuwa tayari vimeshika ncha zote mbili.

Kiongozi akapiga makofi kama anayefukuza kuku. Gari linaondoka. Nikamwomba dakika moja tu. Akanijibu mbele ya watu wote kwamba kama nina maswali mengi nikayatafute kwenye intaneti. Yule mama akaachia uzi, akaniomba radhi yeye, ambaye hakukosa lolote.

Nilianza nikitaka kusema msiende. Lakini siwezi, kwa sababu kile kitambaa nimekishika, na wafumi wale wanastahili kutembelewa. Nendeni, ila waulizeni kabla ya kulipa: kwa mafundi tunakaa muda gani, na dukani muda gani? Wakisitasita, tafuteni wengine. Au hapana, kwa hawa msilipe kabisa. Mtu anayemkatiza fundi akiwa na uzi mkononi hajui anawauzia watu nini.

Nimewaandikia. Wamenijibu kwa kunipa punguzo la ziara nyingine. Sitaki punguzo. Nataka kuliona lile fundo.