Mashujaa wakiwa nyumbani: uwanjani au kibanda umiza?

Tangu timu yetu ya soka, Mashujaa, ipande Ligi Kuu mwaka 2023, ubishi huu hauishi Kigoma: uende Uwanja wa Lake Tanganyika au ukabanane kibandani, kwenye banda la kuonyesha mpira kwa luninga?

Kwa gharama, kibanda kinashinda bila jasho. Kiingilio chake ni kidogo na unatembea kwa miguu. Uwanjani kuna tiketi, bodaboda kwenda na kurudi, maji, karanga, na siku ya Simba au Yanga jiandae zaidi.

Kuona, inategemea unataka kuona nini. Kibandani marudio yanamaliza ubishi wa ofsaidi. Mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida ya uwanjani, hakuna marudio. Bao likiingia goli la mbali unamuuliza jirani nani kafunga, naye anabuni jina. Ila luninga haikuonyeshi beki anavyomfokea winga wake wakati mpira uko upande wa pili. Kwa hilo tu mimi natoa hela yangu. Na waliokuwepo uwanjani hapo Julai 25, 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0 fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, bado wanatutambia.

Umeme ukikatika na mwenye kibanda hana jenereta, umeliwa. Uwanjani adui ni mvua, maana mzunguko hauna paa.

Ukiwa na watoto, nenda uwanjani na uwahi. Kibandani joto na matusi vitawachosha. Ukitoka kazini Ujiji mpira umeshaanza, ingia kibanda cha jirani, kipindi cha pili utakikuta chote.