Korosho: tuuze ghafi au tubangue wenyewe?

Kila msimu, kuanzia Oktoba, malori ya magunia yanapanga foleni kuingia maghala ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania. Sehemu kubwa ya korosho hizo hupakiwa melini zikiwa na maganda yake, kwenda India na Vietnam.

Kuuza ghafi kuna faida moja kubwa: fedha ya haraka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani kuuza mzigo ukiwa umehifadhiwa ghalani kwa risiti, uanze mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo AMCOS, chama chake cha ushirika, unapigwa mnada, kisha analipwa. Mwenye ada ya shule ya kulipa Januari hawezi kungoja kiwanda. Lakini bei inapangwa na wanunuzi wachache, na mwaka 2018 waliposuasua serikali ililazimika kutangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kusomba mzigo.

Kubangua ni kazi ngumu. Ganda lina mafuta yanayochubua ngozi, ndiyo maana akina mama wanaobangua kwa mikono hujipaka majivu vidoleni kwanza. Kiini kikivunjika, bei inashuka. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja tu ya kiini, na kiwanda kinahitaji mtaji wa kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi michache. Viwanda vyetu vingi vya miaka ya 1970 vilikwama, vingine vikageuka maghala.

Hata hivyo mimi nachagua kubangua, bora mikopo ya msimu ipatikane kwa riba nafuu. Ajira za akina mama wale zinaondoka na kila meli.