Kabla Hujanunua Antivairasi, Uliza Itatokaje

Wiki tatu nzima niliishi na ngao nyekundu kwenye kona ya skrini. Windows inasema ulinzi umezimwa. Nikibonyeza kuwasha, duara linazunguka kidogo kisha kimya. Kivinjari nacho kilikuwa kinanifungulia kurasa ambazo sikuziomba. Nikajumlisha hayo mawili nikapata jibu moja: kirusi kimeingia na kimemfunga mlinzi. Nikatoa kadi nikanunua antivairasi ya kulipia, kifurushi kikubwa kuliko vyote, mwaka mzima. Ikafika asilimia 80 na kitu ya kusakinisha, ikagoma. Nikarudia mara nne.

Kirusi hakikuwepo. Aliyemfunga mlinzi alikuwa antivairasi nyingine, ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta ikiwa mpya, ambayo nilikuwa nimeshaifuta miaka miwili nyuma. Au niseme nilidhani nimeifuta. Draiva zake, yaani viprogramu vyake vinavyofanya kazi ndani kabisa ya Windows, zilikuwa bado zinaamka kila nikiwasha kompyuta, na jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la Windows kama mlinzi wa zamu. Na zile kurasa? Kiendelezi cha kubadilisha PDF, kiprogramu cha kuongeza kwenye kivinjari, nilichokiweka kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo usinitafutie hapa jedwali la asilimia za kukamata virusi. Maabara za AV-TEST kule Magdeburg na AV-Comparatives kule Innsbruck zinaifanya kazi hiyo kuliko mimi. Wala sitahesabu nani anatoa VPN na nani anatunza nywila. Nina swali moja tu, ambalo sijawahi kuliona limejibiwa kwenye tangazo lolote: siku nikitaka itoke, inatoka yote?

Antivairasi haikai kwenye kompyuta kama mchezo wa karata. Inashuka mpaka chini kabisa ya Windows, inaweka draiva zinazoamka kabla hujaandika nywila, inachuja kila kinachopita kwenye mtandao, kisha inajiandikisha kuwa mlinzi. Defender, antivairasi ya Microsoft inayokuja ndani ya Windows, ikiliona jina hilo inajiweka pembeni, maana walinzi wawili wakigombea faili moja kompyuta inakwama. Juu ya hapo kuna kinga ya kutochezewa, iliyowekwa ili kirusi kisiweze kuizima. Kinga hiyo hiyo ndiyo inayokuzuia wewe mwenye mali. Ukiifuta nusunusu, umeme ukakatika katikati au ukachoka kusubiri, yanabaki mabaki, na dalili za mabaki ni pacha wa dalili za maambukizi: ulinzi hauwaki, sasisho hazishuki, intaneti inakatika kwa sababu kichujio kimebaki bila mwenyewe.

Utavitofautishaje? Si rahisi, kwa sababu virusi vya kweli navyo vina tabia hizo. Conficker, iliyosambaa kuanzia mwishoni mwa 2008, ilikuwa inafunga tovuti za kampuni za antivairasi ili mgonjwa asiifikie dawa. Mimi huanza hivi: tovuti zote zikifunguka isipokuwa za antivairasi, naogopa kirusi. Lakini ukurasa wa usalama wa Windows ukinitajia mlinzi ambaye nilishamfukuza, hayo ni mabaki. Kisha, kabla ya kutoa hata senti, naagiza Defender ifanye ukaguzi wa nje ya mtandao. Kompyuta inajizima, inawaka upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi, na kirusi hakipati pa kujificha. Defender yenyewe ikigoma, pakua Microsoft Safety Scanner kwenye kompyuta nyingine iliyo safi uilete kwa flashi. Haisakinishwi, na baada ya siku 10 inaisha muda, unapakua mpya. Emsisoft Emergency Kit nayo inakimbia kutoka kwenye flashi vivyo hivyo.

Ukishafanya hayo yote na bado unataka kununua, haya, huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza ni ESET, na sijifanyi hakimu, naipenda. Kampuni hii ya Slovakia ndiyo iliyonitoa kwenye shimo, na haikunitoa kwa kukamata kirusi. Ina zana ya bure inayoitwa ESET AV Remover, ambayo kazi yake ni kutafuta antivairasi za wengine na mabaki yao na kuzifagia kabla yenyewe haijaingia. Hebu fikiria mpangaji anayefagia uchafu wa mpangaji aliyemtangulia! Niliiendesha, ikanionyesha jina la yule mzimu wangu, ikamtoa, nikawasha kompyuta upya na ngao ikawa kijani. Na yenyewe ikikataa kutoka kwa njia ya kawaida, kuna ESET Uninstaller, unayoiendesha ukiwa kwenye hali salama ya Windows (safe mode), ile inayowaka na vitu vya lazima tu. Ina kasoro: inaweza kufuta mipangilio ya mtandao, kwa hiyo inakili mipangilio yako pembeni kwanza. Wao wenyewe wanakuonya, na hilo nalo nawapa alama.

Bitdefender inafuata. Ikikutana na kirusi kisichong'oka wakati Windows inafanya kazi, inawasha kompyuta katika mazingira yake ya uokoaji na kukifuata huko nje. Kwa kompyuta ambayo kweli imeambukizwa, pengine ningeiweka juu. Zana zake za kujifutia zinatofautiana kulingana na bidhaa, basi soma jina mara mbili kabla ya kupakua.

Malwarebytes naiweka ya tatu, ila kwa kazi nyingine. Toleo la bure halishiki zamu. Unaliita, linasafisha, linalala. Ukilipia, angalia mpangilio mmoja uliojificha: kama itajiandikisha kwa Windows au la. Ikijiandikisha, Defender inaondoka zamu. Ukiuzima mpangilio huo, zinakaa zote mbili kwa amani. Ninavyojua watu, asilimia kubwa ya malalamiko ya "Defender imezimika yenyewe" yangeishia hapo.

Norton na McAfee zinaweza kutolewa, lakini zinataka subira. Za McAfee zinatolewa na zana yao ya MCPR. Norton wana zana iliyotengenezwa kwa ajili ya kuifuta na kuirudisha. Wewe uliyetaka iondoke tu inabidi ufungue chaguo za ziada uchague kufuta peke yake. Yaani mgeni anaaga huku ameacha mguu mlangoni.

Za bure: Defender ipo tayari na inatosha wengi. Avast nilishaachana nayo, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitoza dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake.

Na usidhani kuhama kutoka Avast kwenda AVG, Avira au Norton ni kumkimbia mtu. Tangu 2022 zote nne zina mwenyewe mmoja, Gen Digital. Unatoka mlango wa mbele unaingia wa nyuma.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji wa kompyuta mpya. Nani aliwaomba waweke antivairasi ya majaribio? Siku za bure zikiisha zinaanza kelele: uko hatarini, lipa sasa. Bei ya mwaka wa kwanza imeandikwa kwa herufi za bango, ya kujirudia mwaka wa pili kwa herufi za chungu, na kitufe cha kuzuia malipo yasijirudie kimefichwa kurasa nne ndani ya akaunti.

Ile niliyoinunua mimi niliomba wanirudishie fedha. Mhudumu kwenye dirisha la gumzo akajaribu kwanza kuniuzia huduma ya kuondoa virusi, kirusi ambacho sikuwa nacho. Nilipokataa, akasema haiwezekani kwa sababu leseni imeshawashwa. Nikamuuliza imewashwa wapi, ikiwa programu yenyewe iligoma kwenye asilimia 80 na kitu. Akafunga gumzo, na dakika hiyo hiyo ikaingia barua pepe ikiniomba nimpe nyota.