Majedwali ya Utoaji Mimba ya Jimbo la Texas: Maoni ya Afisa wa Rekodi wa Eastlands

Nimekuwa afisa wa rekodi za afya kwa miaka kumi na saba, yote huku Eastlands, Nairobi. Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayeketi na rejista ya wodi ya kina mama, rula na kikokotoo, nikijumlisha mstari kwa mstari, nikijaza fomu ya MOH 711, ile ya muhtasari wa huduma za mwezi, kisha nikiingiza nambari kwenye mfumo wa taifa. Kwa hiyo nikipewa majedwali ya mtu mwingine nayatazama kama fundi cherehani anavyotazama nguo ya fundi mwenzake. Naigeuza nje ndani kwanza, nione mishono.

Aliyenisukuma ni msichana mmoja wa chuo cha udaktari aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazini. Tulikuwa tunajumlisha mistari ya huduma baada ya mimba kutoka. Ukurasa mzima, mwandiko wa wauguzi watatu tofauti, na maneno yale yale: mimba imetoka, haikukamilika. Imetoka, haikukamilika. Akaweka kalamu chini.

"Madamu, hawa wote mimba zilitoka zenyewe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa?"

Sikumjibu siku hiyo. Yule anayefika saa nane usiku akiwa ameshikiliwa na dada yake, kanga imelowa damu, hatasema alikunywa nini wala nani alimpa. Na muuguzi mwenye huruma hatamuuliza mara mbili. Ibara ya 26(4) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu kutoa mimba pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Lakini vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoadhibu utoaji mimba, bado vipo, na kila muuguzi anavijua. Mwongozo wa wizara ya afya wa mwaka 2012, wa kupunguza madhara ya utoaji mimba usio salama, uliondolewa Desemba 2013, na Mahakama Kuu ikasema Juni 2019 kwamba kuuondoa hakukuwa halali. Katika kuyumba huko, kalamu ya wodini ilijifunza kuandika neno moja tu lisilomtia mtu taabani.

Nikataka kumwonyesha msichana huyu mahali ambapo watu huandika wazi. Ndipo nikafungua majedwali ya Texas.

Kwanza upatikanaji wa majedwali yenyewe. Ni bure. Idara ya afya ya jimbo huyatoa kwa mwaka, na siku hizi kwa mwezi pia. Faili ni za Eksel za kawaida. Nilizichapisha saiba ya mtaani, na kurasa za mwaka mmoja hazikunifilisi. Anayeweza kufungua jedwali la mishahara ataweza kufungua hizi.

Sasa mshono. Sheria yao inamtaka daktari ajaze ripoti kwa kila mimba iliyotolewa, na sheria hiyo hiyo inaorodhesha cha kuulizwa: mwaka wa kuzaliwa wa mgonjwa, rangi au asili yake, kama ameolewa, jimbo na kaunti anakoishi, njia iliyotumika, umri wa mimba, watoto aliowazaa wakiwa hai, mimba alizowahi kutoa. Jina haliruhusiwi, wala kitu kingine cha kumtambulisha. Kwa mtu wa rekodi, orodha hii ni tamu. Imekatwa mapema, kila mtu anajua vipimo, na haibadiliki muuguzi wa zamu akibadilika. Texas ina kaunti 254. Sisi tuna 47, na mpaka leo nikitaka kujua wanawake wa Embakasi wametofautianaje na wa Dagoretti katika jambo hili, sina pa kushika.

Nilivyozoea kuona kwetu, nilitarajia safu ya umri ijae wasichana wadogo. Kwenye mahubiri ni wasichana wa shule, kwenye baraza ni wasichana wa shule, hata sisi wahudumu tukizungumza jikoni ni wasichana wa shule. Takwimu za Marekani nzima hazisemi hivyo. Mwaka 2021, katika majimbo yaliyoripoti kwa kituo chao cha taifa cha udhibiti wa magonjwa, asilimia 57 walikuwa wanawake wa miaka ishirini hadi ishirini na tisa. Wa chini ya miaka 15 walikuwa asilimia 0.2. Utafiti mwingine, ule wa taasisi ya Guttmacher, inayotafiti afya ya uzazi, wa mwaka 2014, uliwauliza wagonjwa wenyewe, na asilimia 59 walikuwa tayari wamezaa angalau mara moja. Ni mama wa mtu. Ni mtu aliyemwacha mtoto kwa jirani ili aende kliniki.

Nikarudi kwenye utafiti wetu wa mwaka 2012, uliofanywa na wizara ya afya pamoja na kituo cha utafiti cha APHRC hapa hapa Nairobi, nikauona uso ule ule. Wengi wa waliotibiwa walikuwa wameolewa au wanaishi na mwenzi. Zaidi ya asilimia 70 hawakuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi kabla ya kushika mimba. Wasichana wadogo wapo, tena wanaumia zaidi, na hilo linanichoma kila mara. Lakini ukiwaza wao peke yao, utapanga semina za shule na kumsahau mama wa watoto watatu aliyekosa sindano ya kupanga uzazi kwa sababu dawa ziliisha dirishani.

Hapo ndipo majedwali ya namna hii yanapostahili sifa. Yanakutoa kwenye picha uliyojichorea.

Kasoro ya kwanza ni safu ya rangi. Mimi sijazoea kumwandika mgonjwa kwa kabila lake kwenye rejista, na moyo wangu ulisita nilipoona Weusi, Wazungu na Wahispania wamepangwa hivyo. Naelewa kwa nini wanauliza: huwezi kuona pengo usilolipima. Shida ni kilichoachwa. Orodha ya sheria haiulizi kipato. Haiulizi kama ana bima, kama amelipa kodi ya nyumba, kama bosi wake angempa ruhusa ya siku moja. Kwa hiyo msomaji anaona kwamba mwaka 2021, katika majimbo yaliyotoa takwimu hizo, wanawake Weusi walikuwa karibu asilimia 42 ya waliotoa mimba, na kwa kuwa jedwali halina safu nyingine ya kumshika mkono, anadhani ngozi ndiyo sababu. Ule utafiti wa Guttmacher wa 2014 uliuliza kuhusu fedha, ukakuta asilimia 75 ya wagonjwa wote ni maskini au wa kipato cha chini. Jedwali linalouliza rangi lisiulize mfuko wa mtu linamdhulumu anayehesabiwa. Nasema hivyo kama mtu anayejua uzito wa safu moja kuongezwa: ni wino, ni muda wa muuguzi, ni maswali kwa mgonjwa aliyechoka. Bado ningeiongeza.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na imenikosesha usingizi.

Chukua jedwali la 2020 na la 2023, uyalaze mezani pamoja. La 2020 lina zaidi ya watu 50,000. La 2023, jimbo zima, halifiki 100. Fomu ni zile zile, kaunti ni zile zile 254. Kilichobadilika ni sheria. Tarehe 1 Septemba 2021 ilianza ile ya kuzuia utoaji mimba mara mapigo ya moyo yanapoonekana, yaani kama wiki ya sita, wakati wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu ya Roe v. Wade ya mwaka 1973, iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba nchini humo, na tarehe 25 Agosti 2022 marufuku kamili ya Texas ikaanza kutumika, ikibakiza hali za dharura ya kitabibu tu.

Mtu anayesoma haraka ataona 50,000 wamekuwa chini ya 100 na kusema jambo limekwisha. Mimi niliwatafuta. Kwa makadirio ya Guttmacher, zaidi ya wakazi 35,000 wa Texas walisafiri mwaka 2023 kwenda majimbo mengine kutoa mimba, karibu 14,000 kati yao New Mexico. Wengine walipata vidonge. Wengine walizaa bila kutaka. Anayeishi El Paso yuko karibu na mpaka wa New Mexico, anaweza kwenda Las Cruces na kurudi siku hiyo hiyo. Anayeishi McAllen, kule kusini karibu na Mexico, ana safari ya jimbo zima mbele yake. Jedwali la Texas la 2023 haliwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Kwake wote wawili ni sifuri.

Wanaolitengeneza hawakudanganya. Wanahesabu kilichofanyika ndani ya jimbo na kuripotiwa kwa mujibu wa sheria, na hilo wanalifanya vizuri. Lakini jedwali linaloonekana limekamilika hivyo, nadhifu, kila kisanduku kikiwa na nambari yake, lilipaswa kumwambia msomaji kwa herufi kubwa: wanawake hawa wamehama kutoka kwenye karatasi. Hawajahama kutoka duniani.

Jambo hili si la Texas peke yake. Kituo cha taifa kimekusanya takwimu hizi tangu 1969, lakini majimbo hukipa kwa hiari. California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, halitoi, wala Maryland na New Hampshire. Kwa hiyo hata jumla inayoitwa ya taifa ina pengo kubwa katikati.

Kuna na hatari ya upande wa pili, ambayo mtu wa rekodi huihisi mgongoni. Watu wakiwa wachache, jedwali lenye umri, rangi na kaunti linageuka dirisha la nyumba ya mtu. Indiana wamepita hapo: baada ya marufuku yao kuanza kutumika Agosti 2023, ripoti za mgonjwa mmoja mmoja zilizokuwa zikitolewa kwa umma zikaleta mvutano hadi mahakamani, kwa sababu idadi ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwanamke angeweza kutambuliwa. Nimewahi kufanya kazi kwenye zahanati ndogo. Ukiandika pale "miaka 14" na jina la mtaa, hujaandika takwimu. Umeandika jina.

Hukumu yangu basi. Majedwali ya Texas hadi mwaka 2020 nayapa nyota nne kati ya tano, nyota moja nimeinyima kwa sababu ya kipato. Ya 2023 nayapa mbili: moja kwa uaminifu wa fomu, nyingine kwa kuwa yanapatikana kwa yeyote. Usiyatumie kujua ni wanawake wangapi wa Texas wametoa mimba. Yatumie kujua sheria imeacha wangapi waonekane.

Na msichana wangu nilimpa jibu lake wiki moja baadaye. Nilimweleza jinsi utafiti wetu wa 2012 ulivyofanya kazi, kwa kuwa ndio unaotufaa sisi tusioweza kuuliza moja kwa moja. Walienda kwenye vituo vya afya wakahesabu waliotibiwa madhara. Wakawauliza wataalamu: katika kila wanaotoa mimba, ni wangapi huishia hospitalini? Wakazidisha. Waliotibiwa madhara ya mimba zilizotolewa walikadiriwa kuwa 119,912 mwaka huo, na waliotoa mimba kwa jumla 464,690, yaani 48 katika kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa.

Alichukua kikokotoo changu akagawanya.

"Karibu wanne, madamu."

"Enhe."

"Yaani kila mstari mmoja hapa..." Akauweka mkono juu ya rejista, hakumaliza.

Tuliendelea kujumlisha ukurasa ule. Aliandika nambari zake polepole kuliko mwanzo, na mara mbili alinirudisha nyuma kuangalia mstari niliouruka. Siku yake ya mwisho alikuja na flashi akaomba zile faili. Nimemwekea ya 2020 na ya 2023 kwenye folda moja, na nikamwambia akizifungua aanze na El Paso, kisha McAllen, ambayo ataikuta chini ya kaunti ya Hidalgo.